Tulivyoirudisha Sultana Mombasa

Tangu Jumapili ile sijapata raha. Nikienda sokoni naulizwa, nikikaa dukani kwangu Makadara naulizwa: Maimuna, ilikuwaje mama wa bibi harusi ashuke garini macho yamemvimba kuliko bibi harusi mwenyewe? Wengine mmeshajijibu, mkasema simtaki mkwe. Mkwe namtaka, tena sana. Basi naandika mara moja, msomeane, kisha mniache nishone matakia yangu.

Kabla ya kuondoka

Wadogo zetu hawaijui Sultana, kwa hiyo nianze nayo. Ilikuwa gari kubwa nyeusi ya Kimarekani, ndefu hata ikisimama mbele ya Ngome ya Yesu watalii walikuwa wakiacha kuipiga picha ngome. Mwenyewe alikuwa tajiri mmoja wa Ndia Kuu, na dereva wake, tangu siku iliposhushwa bandarini, alikuwa baba yangu, Omari. Yule tajiri alikuwa mtu wa watu. Kila Jumapili aliitoa gari ipeleke mabibi harusi wa mtaa, bila kuangalia nani ana nani hana. Madirisha yalitiwa pazia ili bibi harusi asionekane, vikuba vya asumini vikafungwa mbele, na baba akaiendesha kwa gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, akisema bibi harusi si gunia la mchele.

Nami niliahidiwa. Tangu nikiwa mdogo baba alinambia, "Siku yako, Mwana, nitazunguka kisiwa kizima." Wiki tatu kabla ya harusi yangu tajiri akafariki, warithi wakaiuza gari bara. Nilipelekwa kwa mume kwa Pijo ya kuazima iliyonuka samaki. Baba alijifungia ghorofani, hakushuka kuniaga. Hatukuizungumza siku ile hata mara moja, miaka karibu ishirini.

Sasa binti yangu Zuhura akaposwa, na habari zikaja kwamba Sultana ingali hai, iko kwenye shamba la mzee mmoja huko Njoro, mbele ya Nakuru, naye yuko tayari kuiachia. Mambo ya barua na makaratasi nayaruka. Baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumatatu, akasimama mlangoni.

"Nitampeleka Zuhura mimi mwenyewe, kwa Sultana," alisema. "Jumapili baada ya Alasiri. Nisipofika nayo, msinitafute harusini."

Shangazi yangu Bi Rukia, dada yake mkubwa, ndiye msimamizi wa harusi zote za ukoo wetu. Alimtazama juu hadi chini. "Una miaka sabini na tano, Omari. Miguu yakuuma ukenda msikitini."

"Sultana haiendeshwi kwa miguu ya msikitini," baba akajibu. Ikabidi niende naye. Mimi naendesha pikapu ya kupelekea matakia, na mtu wa kumwangalia alitakiwa.

Kwa reli hadi Nairobi, na kwa Pijo hadi Nakuru

Kwenye treni tulikaa na mama mmoja wa Kitaita na kapu lake la ndizi. Baba hakumwacha apumue. Alimsimulia kampuni iliyoiunda Sultana kana kwamba ni ya babu yake. Kwamba wafalme walisubiri zamu ya kuuziwa. Kwamba kila gari ilifanyiwa kazi kwa mkono na mafundi waliovaa tai. Kwamba ukisimamisha kalamu juu ya injini inayonguruma, kalamu haianguki, tena injini haingurumi, inapumua tu. Kwamba hata leo, mji ukijaa magari ya Kijapani yaliyochoka kwa wenyewe kabla ya kuletwa kwetu, kiwanda kile kule Amerika bado kinaunda gari bora kuliko zote duniani.

"Sasa mbona siku hizi hatuzioni?" yule mama akauliza.

"Haziletwi kwa watu ovyo," baba akasema, akachukua ndizi.

Nairobi tulichelewa saa nne nzima tukingoja gari ya Nakuru ijae. Baba alikataa kula chochote isipokuwa mkate na mayai aliyoyaona yakikaangwa kwa macho yake. Njoro tulifika Jumanne jioni, vumbi hadi kwenye kope.

Njoro

Mwenye shamba ni Mzee Gitau, mtu mrefu, mpole, wa kofia ya manyoya. Mkewe alituletea chai ya maziwa na viazi vilivyopondwa na mahindi, akatukaribisha tukae. Nikakaa. Mara nikahisi kitu chini yangu ninachokijua. Nikapapasa mshono. Ulikuwa mshono wa mistari miwili, na pembeni kiraka kidogo nilichokitia mwenyewe nikiwa msichana, ndiyo kazi ya kwanza ya sindano niliyopewa na baba. Nilikuwa nimekalia kiti cha nyuma cha Sultana, kimewekewa miguu ya mbao, kimetandikwa vitambaa vya kufuma.

"Mzee," nikauliza, "kiti cha gari kinafanya nini sebuleni?"

Mzee Gitau akacheka kidogo, akavua kofia. Akatueleza bila kuficha. Alipoinunua gari, kanisa lao halikuwa na gari la kubebea wafu, na Sultana ilikuwa ndefu kuliko zote. Akang'oa kiti cha nyuma siku ya kwanza, akaweka sakafuni reli mbili za chuma za kutelezesha jeneza. Kwa miaka yote ile Sultana iliwapeleka makaburini watu wa Njoro nzima. Sasa kanisa limepata gari jipya, naye hakutaka Sultana iozee shambani.

Baba aliweka kikombe chini. Kwetu maiti hubebwa mabegani, gari ya maiti hatuijui. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa binti yake kaolewa na jambazi.

"Mabibi harusi wangu," akasema taratibu, "mmewageuza nini?"

"Niliiendesha kwa heshima, mzee mwenzangu," Mzee Gitau akasema. "Kwa gia ya kwanza."

Hilo lilimpoza baba kidogo. Lakini likaja la pili. Baba akauliza kwa nini rangi imeachwa ififie, kwa nini hakuagiza vitu Amerika. Mzee Gitau akaenda chumbani, akarudi na barua aliyokuwa ameipeleka kiwandani zamani akiomba taa ya mbele. Ilirudishwa haijafunguliwa, imepigwa mhuri kwamba mpokeaji hayupo. Kisha padri mmoja wa Kimarekani aliyepita pale aliiona gari, akamsimulia yote. Kampuni ile ilikuwa ya wafalme kweli. Baada ya vita kuu ikaona wengine wanauza magari mengi ya bei ya chini, nayo ikaanza kuyaunda. Matajiri wakaona jina lile sasa liko kwa kila karani, wakahama. Makarani nao hawakuja wa kutosha. Ikaungana na kampuni nyingine, na magari yake ya mwisho yalikuwa mabati ya wenzao yaliyobandikwa jina lake. Kisha milango ikafungwa. Hayo yalitokea mimi sijaanza hata chuo cha Kurani.

"Uongo," baba akasema. "Pampu ya maji niliipokea Sultana ikiwa karibu kuuzwa. Ilitoka Amerika. Ndani ya boksi, na maandishi yao juu."

Mzee Gitau akairudisha barua chumbani. Baba hakula usiku ule. Nilimhurumia, na niliikasirikia kampuni yenyewe, watu waliokuwa na kitu kizuri mkononi wakaona aibu kukifanya kichache.

Jumatano na Alhamisi tulifanya kazi. Niling'oa kiti kile sebuleni, nikakiondolea miguu ya mbao, nikakishona palipochanika, nikakirudisha mahali pake kwa mikono yangu mwenyewe. Baba aliibembeleza injini, akabadilisha mafuta, akasafisha kila waya. Reli za jeneza zilikuwa zimechomelewa, hazikutoka. Baba akanishika mkono.

"Rukia asijue," akasema. "Wallahi akijua, gari hino haitamgusa Zuhura."

Ijumaa alfajiri akafuta boneti kwa ncha ya kikoi chake, akasema bismillahi, akawasha. Sikusikia kitu. Nilidhani imekataa, hadi nilipoona jani lililo chini ya bomba la moshi linatikisika. Mzee Gitau alisimama ameishika kofia kifuani, na mkewe akatutilia viazi vya kuchemsha dirishani.

Sultan Hamud

Naivasha tulipita tukipigiwa honi na malori. Nairobi tuliikata polepole, watu wakisimama kando ya barabara. Wengine walivua kofia. Baba alidhani wanaisalimu Sultana, akawapungia mkono. Mimi nilijua wanadhani tumebeba marehemu, nikamwacha apunge.

Tulipofika Sultan Hamud alasiri baba akafurahi kwamba Sultana imefika kwa Sultani wake, na hapo hapo mvuke ukatoka kwenye boneti na maji yakamwagika barabarani. Ni Mutiso, fundi mwenye kibanda kando ya kituo cha mafuta, aliyetusukuma hadi kivulini. Kijana wa watu alikuwa na adabu zake. Aliosha mikono kabla ya kuigusa injini.

"Pampu ya maji," akasema. "Bushi, shaba hii inayoshika mhimili, imekwisha. Hii dukani hampati, mzee."

"Agiza Amerika," baba akasema kwa kiburi, kisha akakumbuka, akainamisha uso.

Jumamosi asubuhi Mutiso aliifungua pampu kabisa. Akaigeuza, akaifuta ndani kwa kitambaa, akaita. "Mzee, hii haikutoka Marekani. Imechongwa kwa mkono. Tazama alama ya tupa. Na kuna mchoro."

Baba akavaa miwani. Ndani ya pampu, mahali asipoona mtu, palichorwa samaki mdogo mwenye jicho moja. Mchoro ule tunaujua nyumbani kwetu. Uko chini ya seredani yetu ya kupikia kahawa, uko kwenye komeo la mlango wetu. Ni alama ya marehemu Bwana Jivraj, fundi wa Kihindi aliyekuwa na karakana nyuma ya soko.

Baba alikaa chini, juu ya gurudumu bovu. Nikaogopa. Mara nikaona mabega yanatikisika, na kumbe anacheka, anacheka hadi anakohoa, machozi yanamtiririka.

"Miaka yote!" akasema. "Miaka yote akinambia, 'Omari, bahati yako, boksi lako limeshuka melini jana.' Nami namshukuru nahodha! Alikuwa akinichongea yeye, akitia ndani ya maboksi ya zamani, ili nisivunjike moyo."

"Kwa hiyo ni kweli kiwanda kilikufa?" nikamuuliza.

"Kilikufa zamani, mwanangu. Kilikufa, nasi tukaendelea." Akasimama, akajipangusa kanzu. Sijamwona baba amesimama wima vile tangu ujana wangu. "Wao wenyewe walishindwa nayo. Jivraj akaweza, nyuma ya soko! Mutiso, nawe utaweza. Chonga!"

Mutiso alitafuta shaba nzuri kibandani hakuipata. Akaipata kwenye pampu ya zamani ya kisima iliyotupwa nyuma ya shule. Akaipeleka kwa mwenzake mwenye mashine ya kukereza huko Emali, akarudi jua linatua, na bushi ile ikaingia sawasawa kama kidole kwenye pete. Kabla hajafunga, baba akamshika mkono.

"Tia alama yako."

"Yangu?"

"Kando ya samaki."

Mutiso akafikiri, akachora jani la mwembe, akafunga. Alikataa shukrani zetu nyingi, akaomba tu aketi kwenye usukani dakika moja. Baba, ambaye hajapata kumruhusu hata waziri kuigusa Sultana, akamfungulia mlango.

Mtito Andei

Jumapili baada ya sala ya Alfajiri tukaondoka. Ilikuwa siku yenyewe ya harusi, na barabara ya Mombasa mnaijua, mashimo yake mtu huweza kufuga ng'ombe ndani. Kufika Kibwezi mguu wa baba ukashikwa. Akaendelea kwa kiburi maili kadhaa, jasho linamtoka. Mwisho akasimamisha, akashuka, akanizungukia mlangoni.

"Endesha wewe," akasema. "Nitanyoosha mguu hadi Voi. Usipite hamsini."

Nilishika usukani ule kwa mikono miwili. Akalala kiti cha nyuma, akajifunika shuka jeupe gubigubi kwa ajili ya vumbi na jua. Tukafika kizuizi cha polisi karibu na Mtito Andei. Askari akasogea, akaitazama gari ndefu nyeusi, akachungulia nyuma. Akavua kofia.

"Pole sana, mama. Mnampeleka wapi mzee?"

"Mombasa," nikasema.

"Aliugua muda mrefu?"

"Miguu tu."

"Mungu amlaze pema."

Nilipotaka kumwambia, shuka likasogea, na sauti ikatoka chini yake: "Maimuna! Mbona umesimama? Nipe maji."

Askari aliruka hadi kwenye misumari ya kizuizi. Baba akainuka, shuka bado kichwani, akauliza kuna nini. Walipoelewana, maaskari wote watatu walicheka hadi wakashikana, wakatufungulia njia na kutupigia saluti. Baba alisonya hadi Voi. "Miguu tu! Ukanizika kwa miguu tu!" Nami nilikuwa nikicheka, nikimwomba radhi, nikicheka tena.

Kisiwani

Voi alichukua usukani, akakataa kuuachia. Tulipovuka Makupa jua limeshaanza kuelekea Alasiri. Alipiga honi, ile sauti ya chini mliyoisahau, na watu wazima walitoka madukani. Makadara mzee mmoja muuza kahawa aliacha birika mezani, akakimbia kando yetu akiita, "Sultana! Sultana imerudi!" Nilisikia vigelegele kutoka kwenye madirisha ambamo sikumwona mtu. Baba alikuwa amenyooka, uso mbele, gia ya kwanza.

Tukasimama mbele ya Ngome, pale pale pake, maana vichochoro vyetu haiingii. Bi Rukia alishafika na wanawake wote, vikuba mikononi, pazia nilizozishona mimi zimekunjwa. Akaizunguka gari, akatabasamu. Nikadhani yamekwisha.

Mbele ya wote akapita kijana mmoja wa reli, mtu wa Nakuru, tumezoeana naye. Aliiona Sultana akasimama ghafla, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Hii ndiyo iliyompeleka nyanya yangu kaburini," akasema kwa heshima kabisa. "Imekuja kumchukua nani?"

Vigelegele vikakatika. Bi Rukia akafungua mlango wa nyuma, akaziona reli za chuma sakafuni.

"Omari," akasema. "Hivi vyuma ni vya nini?"

Baba hakujua kusema uongo akitazamwa na dada yake. Akamwambia. Minong'ono ikazuka, na mtu nyuma akasema itafutwe gari nyingine upesi, Alasiri imeshaadhiniwa. Baba alizima injini. Akavua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaanza kuondoka kuelekea nyumbani. Nikaona ile siku yangu imerudi, mlango unafungwa, naye yuko juu nasi tuko chini.

Sijui sauti niliipata wapi. "Shangazi! Kiti hiki hakijapata kubeba maiti hata mmoja!"

"Wanambia nini?"

"Kiling'olewa siku ya kwanza. Kilikuwa sebuleni kwa watu Njoro, kimewekewa vitambaa. Nimekikalia mimi, nimenywea chai juu yake, nimekirudisha kwa mikono yangu. Kiraka changu hiki hapa. Wewe ulikuwapo nikikishona."

Bi Rukia akaingiza kichwa, akapapasa kiraka. "Walikikalia kina nani?"

"Wageni. Wachumba wakija kuposa. Wazee wa kanisa."

"Na chai?"

"Ya maziwa."

Alifikiri. Kisha, mwanamke wa miaka themanini, akapandisha buibui, akaingia, akakaa, akajirusharusha mara tatu. "Kiti sina neno nacho," akasema kutoka ndani. "Na sakafu nayo, sote tutapita njia hiyo, waliotangulia si adui zetu." Akavua leso yake mpya ya harusi, ile aliyoiweka mwaka mzima, akaitandika juu ya reli zote mbili, akaisawazisha kwa kiganja. "Mtoto wangu atakanyaga leso yangu. Omari! Wenda wapi? Rudi washa gari!"

Vigelegele vya siku ile mlivisikia hadi Majengo, mwanambia wenyewe. Zuhura akaletwa amefunikwa, akaingizwa, pazia zikashushwa. Baba akafuta boneti kwa ncha ya kikoi. Mimi nikarudi nyuma, nipande na wanawake wengine, kama ilivyo ada.

Baba akashuka tena. Akazunguka gari nzima mbele ya umati, akafungua mlango wa nyuma upande wa pili, akaushikilia.

"Ingia, Mwana," akasema.

"Mimi si bibi harusi, baba."

"Nilikwambia nitazunguka kisiwa kizima," akasema. "Ingia, tumechelewa."

Ndiyo maana hatukupita njia fupi ya kwenda Majengo kwa bwana harusi, mkabaki mkituuliza tumepotelea wapi. Na ndiyo maana niliposhuka macho yangu yalikuwa vile.